Barafu ya Samaki katika Faili la Baba Donat

Maabara ya Vipimo, Elisabethville. Sherehe ya kumuaga Donat Mulenga, fundi wa barafu na vipimajoto, Jumamosi tarehe 29 Septemba 1962.

Leo saa sita mchana Baba Donat Mulenga anavua koti lake la kazi kwa mara ya mwisho, baada ya kulivaa kwa miaka ishirini na saba, miezi mitatu na siku ishirini na sita. Hesabu hiyo imefanywa na mwandishi wa mistari hii, Clément Kazadi, karani wa maabara, ambaye alihesabu mara tatu akapata majibu mawili. Wanaomfahamu hawatashangaa. Bwana Pierre, mkuu wetu, alimwagiza aandike kurasa mbili bila siasa na bila mizaha. Msomaji atajionea mwenyewe agizo hilo lilivyotekelezwa.

Jambo moja lisemwe mapema, ili asiwepo wa kunyoosha shingo bure. Kwa desturi yetu, anayestaafu baada ya kutumikia zaidi ya miaka ishirini na mitano hupewa medali, na mke wake hupigwa picha akiwa ameishika. Leo hakuna medali. Katika faili la Baba Donat kuna barua ya karipio ya Desemba iliyopita, na mwenye karipio hapewi medali. Mwandishi anaijua barua hiyo neno kwa neno, kwa kuwa ndiye aliyeipiga taipu. Tutairudia kabla ya vinywaji.

Baba Donat alizaliwa Kasenga, kando ya Luapula, na kazi yake ya kwanza ilikuwa katika nyumba ya barafu ya mfanyabiashara wa samaki. Huko alijifunza kukata barafu, kuipanga ndani ya maranda ya mbao na kuifikisha mjini ikiwa bado ni barafu, safari ambayo siku hizo ilimaliza siku mbili, ikipitia Kasomeno, na wakati wa mvua ilimaliza hata wiki. Mwezi wa Juni 1935 mkuu wa maabara wa wakati ule alimwona akishusha makreti sokoni, akamuuliza kwa nini barafu yake haijayeyuka wakati ya wengine ni maji. Jumatatu iliyofuata alikuwa amevaa koti letu. Hakuandika ombi, hakuleta cheti.

Mwandishi, kwa upande wake, aliingia mwaka 1955 akiwa na cheti, barua mbili za mapadri, tai ya bluu na maoni kuhusu kila kitu. Wazazi wake walikuja kutoka Kasai kwa reli, wakamsomesha kwa shida, naye akaona njia bora ya kuwashukuru ni kumweleza kila aliyemkuta kwamba amesoma. Siku yake ya kwanza alimfundisha Baba Donat, kwa Kifaransa na kwa sauti, kwamba maji huganda kwenye digrii sifuri. Baba Donat, ambaye wakati huo mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya ndoo ya barafu, alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru.

Mwaka uliofuata kililetwa kutoka Ubelgiji kile kioo ambacho nusu ya wageni waliopo hapa wamekisikia bila kukiona. Ni chupa ndefu yenye maji safi kabisa, imeondolewa hewa yote kisha ikafungwa kwa moto. Katikati ina mrija unaoshuka kama kisima. Fundi huyagandisha maji yanayouzunguka mrija huo mpaka yawe koti la barafu, na hapo ndani ya kioo kimoja wanakaa watatu: barafu, maji na mvuke. Hakuna anayemla mwenzake. Watatu hao hupatana kwenye joto moja tu, ambalo ni sehemu moja ya mia ya digrii juu ya sifuri, na wataalamu hupaita hapo nukta ya hali tatu. Ukiwakuta wamepatana, huna haja ya kuuliza ni digrii ngapi. Kipimajoto chetu kikuu huchomekwa ndani ya kisima hicho, na vipimajoto vingine vyote vya mji, vya hospitali, vya kiwanda cha bia na vya tanuru za kuyeyushia shaba, hulinganishwa na hicho kikuu. Mwaka jana, katika mji huu, pale ndipo palikuwa mahali pekee ambapo pande tatu zilikaa pamoja bila kurushiana kitu. Mwandishi anaomba radhi. Hiyo ilikuwa siasa.

Siku kreti ilipofunguliwa, Baba Donat alikuwa ameenda kunawa. Mwandishi, kwa kuwa alikuwa amesoma, aliona ni haki yake kuishika chupa kwanza. Aliinamisha kidogo tu. Ndani yake kukasikika tak, mlio mkavu kabisa, mlio wa kioo kinachopasuka. Aliirudisha ndani ya nyasi za kreti, akaenda kwenye meza yake, akapiga taipu barua ya kujiuzulu yenye aya tatu na kosa moja la nukta, akaitia saini. Baba Donat aliporudi alimkuta amesimama wima akiwa na barua mkononi na machozi machoni. Aliichukua chupa, akaiinamisha mwenyewe. Tak. Akaiinamisha tena. Tak.

"Mutoto, usilie," alisema. "Aikupasuka. Iko inakupatia bonjour."

Kisha akaeleza. Ndani hamna hewa ya kuyapokea maji polepole, kwa hiyo maji yakienda upande yanakipiga kioo kwa nguvu, kavu. Mlio ule ndio afya yake. Chupa ikikaa kimya ujue hewa imeingia, na chupa iliyoingiwa na hewa ni chupa ya kuwekea maua. Alikuwa ameyajua hayo wapi? Alimsikiliza mhandisi aliyeileta, akaelewa. Mwandishi pia alikuwepo wakati mhandisi akieleza, lakini alikuwa akinyoosha tai. Barua ya kujiuzulu Baba Donat aliikunja, akaitia mfukoni, akasema ataitunza kwa siku itakayohitajika.

Basi kila asubuhi tangu 1956 kazi imeanza namna moja. Baba Donat ananawa, anaitoa chupa kwenye sanduku lake la barafu safi, anaiinamisha, anasikiliza. Anauzungusha mkono taratibu aone kama koti la barafu linacheza huru kuuzunguka mrija, kwa maana likishika haliaminiki. Halafu anasema, "Iko muzima," na hapo ndipo sisi wengine tunaruhusiwa kuvua kofia na kuanza kazi. Wafanyakazi wapya hucheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili wanakuja mapema ili wasiikose.

Mwandishi alihitaji muda zaidi. Kwa miezi mitatu mizima alikuwa akiandika sifuri kwenye daftari la vipimo na kuiacha ile sehemu moja ya mia, akidhani ni mbwembwe za Ubelgiji, kwa kuwa shuleni walimwambia sifuri na yeye alikuwa amefaulu. Baba Donat ndiye aliyempeleka kwenye ndoo, akamwonyesha kipimajoto kikisoma sifuri ndani ya barafu ya wazi, kisha akakihamishia ndani ya kisima, na uzi wa zebaki ukapanda kidogo mno, kiasi cha kuhitaji lenzi. Alimshikia lenzi. Kurasa tisini za daftari ziliandikwa upya, na aliyeziandika alitumia Jumamosi nne.

Jirani zake wa mtaa wa Katuba wanamjua kwa jambo lingine. Kwa kuwa ni mtu wa vipimajoto, humletea watoto wenye homa. Yeye si mganga na hajawahi kujifanya mganga. Hupima, husoma, huandika namba kwenye kipande cha karatasi, na kama namba ni kubwa huwasindikiza mpaka zahanati kwa miguu. Muuguzi wa pale amekiri kwamba huwa hapimi tena akiona mwandiko wa Baba Donat. Mama Victorine, mke wake, ana lalamiko moja tu, nalo amelitoa mbele ya kila mkuu aliyepita hapa: kwamba aliolewa na mwanaume wa Kasenga mwenye mikono ya joto, na maabara ikamrudishia mwenye mikono ya baridi.

Sasa turudi kwenye barua.

Desemba iliyopita, wote mnakumbuka, kulikuwa na mapigano mjini. Umeme ulikatika, mtambo wa barafu ukasimama, barabara ya Katuba ikafungwa, na Baba Donat akakaa siku tisa bila kuweza kufika kazini. Mwandishi alikuwepo maabara kwa sababu alikuwa akilala humo, kwenye stoo, nyuma ya masanduku. Jina lake ni la Kasai, na mwaka ule mtaani kwake jina la Kasai lilikuwa sababu ya kutosha ya mtu kuvunjiwa mlango. Ndugu zake walikuwa wameshakimbilia kambi ya wakimbizi. Baba Donat ndiye aliyempa ufunguo wa stoo, na mpaka barabara ilipofungwa alimpelekea ugali kila alipoweza.

Barafu ndani ya sanduku ilikuwa inayeyuka. Mlinzi wa chupa alikuwa amebaki mmoja, naye ndiye yule mwenye cheti. Kwa hiyo aliamua kuiokoa.

Hapa mwandishi anaomba msomaji ajue kwamba chupa haikuhitaji kuokolewa. Barafu ikiisha, koti la ndani linayeyuka, chupa inabaki na maji yake, na siku umeme ukirudi fundi analigandisha upya. Kazi ya asubuhi moja. Baba Donat alikuwa amelisema hilo mara nyingi. Alikuwa amesema pia, mara nyingi zaidi, kwamba ndani ya lile sanduku haiingii barafu yoyote isipokuwa ya maji yaliyosafishwa. Kama mwandishi angelala usingizi siku zote tisa, leo Mama Victorine angepigwa picha.

Lakini hakulala. Siku ya saba risasi zilinyamaza kidogo, na lori la samaki kutoka Kasenga likakwama karibu na soko, dereva akitafuta wa kumpunguzia mzigo kabla haujaoza. Mwandishi alikwenda, akarudi na gunia la barafu begani. Aliipata kwa kubadilishana na tai yake ya bluu, ambayo dereva aliivaa palepale juu ya fulana. Akaipondaponda barafu, akalijaza sanduku, akaizika chupa humo mpaka shingoni, akakaa chini akijiona shujaa. Barafu ilinuka samaki. Alijiambia kwamba harufu haina digrii.

Mtoto yeyote wa Kasenga angemwambia alichokifanya. Barafu ya samaki hutiwa chumvi ya mawe ili ihimili safari. Barafu yenye chumvi inashuka chini ya sifuri, mbali sana chini, na chochote kilichozikwa humo kinaganda. Koti la barafu ndani ya chupa lilinenepa mpaka likakigusa kioo, kisha uso wa maji nao ukaganda ukaziba, na maji yaliyobaki chini yakakosa pa kwenda. Asubuhi kulikuwa na ufa kutoka begani mpaka kitako. Barafu ilipoachia, mwandishi aliiinamisha chupa. Ikakaa kimya.

Mimi ndiye niliyeinamisha. Nimechoka kujiita mwandishi.

Siku mbili baadaye barabara zilifunguliwa. Bwana Pierre alifika, na Baba Donat akafika nyuma yake akiwa na udongo mpaka magotini. Bwana Pierre aliuona ufa, akauliza nani alikuwa humu, akatamka neno hujuma. Simlaumu. Wiki ile neno hilo lilitamkwa mjini kote, na kila lilipotamkwa macho yalitafuta mtu mwenye jina kama langu. Askari wawili walikuwa wamesimama langoni wakivuta sigara. Nilifungua mdomo, na nawaapia sikumbuki ni kwa ajili ya kusema nini.

Baba Donat alichovya kidole ndani ya sanduku, akakilamba. Akanitazama shingoni, ambapo kwa miaka sita hapakuwahi kukosa tai. Nadhani hapo alijua kila kitu, pamoja na sura ya dereva.

"Ni miye njo nilitiaka ile barafu, Bwana," alisema. "Barafu ya samaki. Nilifika mbele ya vita kuisha, nikapita mulango wa nyuma. Uzee. Munisamehe."

Bwana Pierre aliamini. Mtu wa Kasenga, barafu ya samaki: maelezo yalijitosheleza. Hakuna aliyejiuliza inawezekanaje fundi anayeijua chumvi hiyo tangu ujana wake aitumie kwa bahati mbaya. Neno hujuma likaondoka, likaja neno uzembe. Karipio liliandikwa palepale, na kwa kuwa karani wa maabara ni mimi, nililipiga taipu mimi, nakala tatu, bila kosa hata moja. Ni barua safi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Walipotoka nilitaka kuzungumza. Baba Donat alikuwa akiifuta meza. "Wewe wangekubeba," alisema bila kugeuka. "Miye, wananiandikia tu karatasi." Akaniomba nimpelekee ndoo.

Mtauliza kwa nini nimengoja miezi tisa. Januari niliogopa. Machi nilikuwa na haya. Mwezi wa Juni niligundua jambo baya zaidi, kwamba nilikuwa nimezoea. Nilikuwa nikimsalimia asubuhi kama kawaida, nikila mkate wa Mama Victorine kama kawaida, na nilishanunua tai nyingine. Mwezi huo ndipo ulipofika mzigo wa medali. Zilikuwa zimeagizwa kabla ya vita, kwa hiyo moja ilikuja ikiwa imeshachongwa jina: D. Mulenga, 1935–1962. Niliupokea mimi, nikautilia saini. Imo katika droo ya chini ya Bwana Pierre, upande wa kulia, ndani ya boksi jekundu, na hakuna mwanadamu mwingine ambaye inaweza kumfaa.

Agosti ilikuja chupa mpya. Baba Donat alikataa kuigandisha. Alinisimamisha mbele yake, akaweka mikono nyuma, akanifanya niigandishe mimi, mara kumi na nne, mpaka koti la barafu likazunguka bila kushika. Kila nilipokosea alisema nianze tena, bila kupandisha sauti. Mara ya kumi na nne nilipoiinamisha alisogeza sikio, akasema, "Iko muzima," akaenda kunawa. Nilielewa kwamba ameniachia kazi yake. Jioni ile nilianza kuandika kurasa hizi.

Rasimu aliyoisoma Bwana Pierre siku ya Alhamisi iliishia kwenye lalamiko la Mama Victorine. Hii mnayoishika ina zaidi, kwa sababu mwenye mashine ya stensili ni karani. Nakala themanini zimewekwa kwenye viti tangu saa tatu asubuhi. Bwana Pierre, natumaini umesoma ukiwa umekaa.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, barua ya Desemba itolewe katika faili la Donat Mulenga na kuwekwa katika faili la Clément Kazadi, ambamo itakuwa na mwenzake. Maana alfajiri ya leo, kabla sijamaliza stensili, tulipokuwa tukipanga viti, nilimwomba Baba Donat ile barua yangu ya kujiuzulu ya mwaka 1956. Aliitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti la kazi, imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa. Hakuniuliza ya nini. Nimebadilisha tarehe tu. Iko juu ya meza yako, na kosa la nukta bado limo. La pili, kabla ya vinywaji, fungua ile droo.

Baba Donat, umenikataza nisikushukuru, nami sijawahi kuwa hodari wa kufuata maagizo yako kuhusu mambo ya maana. Asante kwa ufunguo wa stoo, kwa ugali, kwa lenzi. Asante kwa uongo mmoja, ambao nadhani ndio pekee uliowahi kuusema ndani ya jengo hili, na uliusema vibaya sana. Sijui Jumatatu nitakuwa wapi. Kama nitakuwa hapa, chupa itasikilizwa kabla ya kofia kuvuliwa. Kama sitakuwa hapa, nimeshamfundisha Mulangizi, msaidizi wa chumba cha pili, kuisikiliza, na ana masikio mazuri kuliko mimi, na hana cheti.

Nenda Kasenga, Baba, ukaone mto wako. Ukae na Mama Victorine juani asubuhi nzima bila kitu chochote cha kupima. Sisi wote wa maabara tunakuombea mikono yako ipate joto.